Kwa Nini Nilisoma Kemia na Biashara Pamoja

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niwaeleze wasomaji jinsi nilivyosoma mambo mawili ambayo watu hudhani hayapatani, yaani Kemia na uendeshaji wa biashara. Nimekubali kwa furaha, maana nami nilikuwa mwanafunzi wa shule hii, na swali hili naulizwa kila nijapo kuwaamkia walimu wangu. Mzazi mmoja aliniambia, "Kijana, umekosa kazi ya maabara ndipo ukakimbilia duka?" La, sikukosa. Sababu yangu ni maji.

Sisi tuliozaliwa upande wa Maji ya Chai na Usa River twajulikana kwa meno yetu popote tuendapo. Nilipofika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwenzangu wa chumbani, mtu wa Mtwara, aliniuliza siku ile ya kwanza kama navuta tumbaku. Nikamjibu kwamba hii ni rangi ya Mlima Meru. Alicheka, nami nikacheka. Lakini huku kwetu wako wasioweza kucheka: watoto waliopinda miguu, na wazee ambao hawawezi kuinama kufunga kamba za viatu.

Mlima wetu ni volkano, na ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Mawe yake yana floraidi nyingi. Maji yapitayo kati ya mawe hayo huiyeyusha, na kwa kuwa maji yetu yana magadi mengi na kalsiamu kidogo, floraidi haipati cha kuishika ikatua chini. Haina rangi, haina harufu. Kuchemsha hakusaidii hata kidogo, kwani maji hupungua nayo hubaki palepale. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja. Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4 kwa miaka mingi, kwa sababu ya shida ya maji, kisha ikashusha hadi 1.5. Upande wa Ngarenanyuki viko vijito vinavyopita kiasi hicho mara nyingi. Tena akina mama wapikao makande kwa magadi huongeza floraidi nyingine chunguni bila kujua.

Basi nilikwenda Chuo Kikuu nikiwa na nia moja, kujua namna ya kuitoa. Nilisoma Kemia miaka mitatu, na jambo lililonishangaza ni kwamba dawa yake ilikwisha kujulikana zamani. Mifupa ya ng'ombe ikichomwa katika tanuri lisiloingiza hewa nyingi, hupatikana mkaa ambao huvuta floraidi na kuishika mahali pa hidroksili iliyomo katika mfupa. Moto ukiwa mdogo, maji hutoka na harufu mbaya ambayo hakuna mtu atakayeivumilia. Ukizidi, mkaa hupoteza nguvu. Kazi hii imefanywa miaka mingi papa hapa kwetu, katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Nikajiuliza: kama dawa ipo, na ipo jirani, mbona meno ya wadogo zangu ni kama yangu?

Jibu nililipata kwenye shule moja ya msingi ambayo sitaitaja. Wafadhili walileta chujio kubwa la mkaa wa mifupa, wakapiga picha, wakaondoka. Miaka miwili baadaye nilikwenda na chupa yangu nikachukua maji, nikayapima. Floraidi iliyoingia ndiyo iliyotoka. Mkaa ulikuwa umeshiba zamani, na hapakuwa na mtu wa kuubadili wala fedha ya kununulia mwingine. Hebu fikirini: chujio lililoziba kila mtu huliona, lakini hili lilikuwa likitoa maji safi, maangavu, na watoto wakijaza vikombe kwa imani. Mwalimu wa zamu aliniambia kwa upole, "Mwanangu, sisi tuliambiwa hili ni la kudumu."

Siku ile niliona kwamba Kemia yangu imefika mwisho wa kamba. Nikakaa chini nikapiga hesabu, nami nawaomba wanafunzi wa Kidato cha Tatu waifuate pamoja nami. Tuseme maji yana miligramu 6 kwa lita, nasi twataka ibaki 1. Yaani tunaondoa 5. Tuseme kilo moja ya mkaa huweza kushika gramu 2, ambazo ni miligramu 2,000. Basi kilo hiyo itasafisha lita 400, yaani ndoo 20. Shule ya watoto 400, kila mmoja akinywa lita moja, itamaliza kilo moja kwa siku. Mwaka wa masomo una siku 190 na kitu: zahitajika kilo 190. Kilo ikiuzwa shilingi 1,500, jumla ni shilingi 285,000, ambazo kwa kila mtoto ni 700 hivi kwa mwaka. Bei ya soda moja! Bado hatujahesabu usafiri na mshahara wa fundi, lakini mwaona wenyewe kwamba umaskini peke yake haukutosha kuliua chujio lile. Hapakuwa na mtu aliyeandika makisio, wala daftari la kuonyesha ni ndoo ngapi zimekwisha pita.

Nilirudi Arusha, mchana nikafanya kazi ya kupima maji, na jioni nikasoma uendeshaji wa biashara. Marehemu baba hakupendezwa. Alisema, "Mtu hachungi ng'ombe wa zizi mbili kwa fimbo moja." Nami kwa kweli mwanzoni nilichoka sana, na masomo mengine (hasa yale ya kutangaza bidhaa) niliyaona maneno matupu. Lakini siku tulipofundishwa uchakavu, yaani jinsi ya kuweka akiba kila mwezi kwa ajili ya mtambo unaokwisha, nilikaribia kusimama darasani. Mkaa unaoshiba floraidi ni uchakavu mtupu! Mhasibu huuandika kwa shilingi, nasi wakemia kwa miligramu.

Wala si mimi wa kwanza kuona hivyo. Dakta Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali wilayani Karatu, alisomea uhandisi wa kemia hadi Korea Kusini, akarudi kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela iliyo hapa Arusha. Alitengeneza chujio linalounganisha mchanga na chembechembe ndogo mno, na mwaka 2015 akapata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, pauni 25,000 za Kiingereza. Wengi humsifu kwa chujio. Mimi humsifu zaidi kwa kuanzisha kampuni, na kwa kuona kwamba asiyeweza kununua chujio aweza kununua maji yaliyochujwa kwenye kituo, naye mwenye kituo akapata riziki na sababu ya kulitunza.

Wakati wetu Kemia ilikaa na Fizikia na Baiolojia, na Uchumi ulikaa mbali na wenzake, hata hatukusalimiana. Tangu mwaka 2024 Serikali imeongeza tahasusi nyingi mpya, kwa hiyo waulizeni walimu wenu mapema. Uingereza viko vyuo vikuu vinavyofundisha Kemia na uongozi wa biashara katika shahada moja. Asiyefika huko afanye kama mimi, moja baada ya nyingine. Ila asiache Hisabati, kwani ndilo daraja la kupitia.

Sasa mimi na wenzangu wawili twachoma mkaa wetu wenyewe na kujaza vyujio vya nyumba chache, na kila nyumba ina daftari lake la ndoo. Faida bado ni ndogo. Mwezi uliopita mwuza mifupa alitupandishia bei, kwa kuwa wenye kutengeneza chakula cha kuku nao waitaka. Jumamosi nakwenda machinjioni kupatana naye.