Baiskeli ya Binti Kwenye Jiji la Vilima

Nyamirambo, Kigali

Dada,

Huku kwa mdogo wetu wote wazima, wifi anakusalimu sana. Safari ya basi ilikuwa ndefu lakini salama. Pale mpakani Rusumo walitukagua kama tumebeba mifuko ya plastiki, tukavuka, na gari likahamia upande wa kulia wa barabara. Mpaka leo nikivuka mtaa natazama kushoto na kulia mara mbili mbili.

Sasa nikupe habari yenyewe. Binti yao ametimiza miaka minane na alichotaka ni baiskeli tu. Mdogo wetu akaniachia mimi, shangazi mtu, niitafute, ila isiwe ya bei ya kutisha. Wewe uliyezoea Tanga, watu wanavyokwenda sokoni na Phoenix zao kwenye barabara tambarare, utaona ni kazi ndogo. Kigali ukifungua geti, ama unapanda ama unashuka. Mtoto akiteleza na ule mteremko wa Kimisagara, kinachomrudisha nyumbani ni breki.

Duka la kwanza walikuwa na baiskeli mpya ya waridi, ina kikapu na nyuzinyuzi zinazoning'inia kwenye usukani. Bei yake ilivutia kweli. Binti akaishika, hataki kuiachia. Nikabana breki ya mbele nikaisukuma: gurudumu likazunguka kana kwamba sikushika kitu. Mkono wa breki ulikuwa wa plastiki, unapinda kidoleni. Nikasema hapana, na machozi yakamtoka mtoto, lakini sikurudi nyuma.

Tukahamia kwenye mtumba. Hapa Nyamirambo Kiswahili kinasikika kila kona, kwa hiyo niliweza kupatana bei mwenyewe bila mkalimani. Fundi mmoja alikuwa na baiskeli za watoto zilizotoka Ulaya, chuma kizuri, rangi imechakaa. Ya kwanza aliyonionyesha ilikuwa ya kufunga breki kwa kurudisha pedali nyuma, haina breki nyingine yoyote. Huko ilikotoka huenda inatosha. Huku kwenye vilima, cheni ikichomoka tu, breki imekwenda nayo. Tukaiweka pembeni.

Tuliyoichukua ni ya inchi 20, ina breki mbili za mkono na gia chache. Ukibana ya mbele na kuisukuma, gurudumu la nyuma linanyanyuka, hapo moyo wangu ukatulia. Fundi akabadilisha raba za breki na waya, akanyoosha rimu iliyokuwa inayumba, kisha akakaza kijiskrubu kwenye mkono wa breki ili usogee karibu na usukani. Vidole vya mtoto ni vifupi, dada. Breki isiyofikika ni sawa na isiyokuwepo. Bei ya jumla, pamoja na kofia ngumu, ilikuwa chini ya ile ya waridi.

Mdogo wetu alitaka ya inchi 24, eti akue nayo. Nilikataa kabisa. Mtoto anatakiwa akae kwenye kiti na miguu iguse chini leo. Akishaanguka mara tatu na baiskeli iliyomzidi, ataichukia, na hiyo ndiyo hasara.

Unajua, zamani nchini hapa msichana kupanda baiskeli ilionekana aibu. Halafu akatokea Jeanne d'Arc Girubuntu, aliyekwenda Richmond, Marekani, mwaka 2015 kushindana kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli. Na Septemba 2025 mashindano hayohayo yakaja Kigali, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Binti yetu alibebwa mabegani na baba yake kuwatazama wanawake wakipanda kilima cha Kimihurura chenye barabara ya mawe. Aliyeshinda kwa wanawake ni Magdeleine Vallieres wa Kanada, na binti analitaja jina hilo kama la jirani yake. Mimi naona hapo ndipo hamu ilipoanzia, na siwezi kuipuuza.

Mahali pa kujifunzia hatukuhangaika. Tangu 2016 jiji hili lina asubuhi za Jumapili ambazo barabara kubwa hufungwa kwa magari, na siku hizi ni mara mbili kwa mwezi. Tulimpeleka. Watu wanakimbia, wazee wanatembea, watoto wamejaa na baiskeli zao. Binti alianza akisukuma chini kwa miguu, pedali tumezitoa, na kabla jua halijawa kali tukazirudisha. Akaondoka zake! Nilipiga kelele mpaka wifi akanishika mkono.

Kuhusu baiskeli ya binti yako, usinunue kitu kwanza. Mpime mguu kwa ndani, kutoka kwenye kinena mpaka chini, bila viatu, unitumie kipimo. Fundi bado ana nyingine mbili, na basi la kurudi linabeba mizigo.

Nisalimie shemeji na watoto.

Mdogo wako