Akina Mama wa Sanya Juu Tulipotupa Ndoana Pangani

Sisi akina mama wa Sanya Juu tunajua baridi ya Julai, tunajua ng'ombe, mahindi na ndizi. Bahari tuliijua kwenye ramani ya shuleni na katika habari za Yona. Kwa hiyo tulipotangaza kwamba akiba ya kikundi chetu ingetupeleka Pangani, si kwa semina wala kwa msiba, bali kwenda kuvua samaki kwa kujifurahisha, waume zetu walicheka sana. Mmoja aliuliza kama tutavua kwa majembe.

Lakini safari ile ilikuwa na sababu nyingine ambayo hatukuisema kanisani. Mama mwenzetu mmoja ana kijana wake aliyeondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na tisa kwenda kutafuta kibarua katika mashamba ya mkonge, Tanga. Mkonge haukumshika. Aliishia kwenye maboti, na huu ni mwaka wa sita anawapeleka wageni baharini kuvua kwa fimbo. Miaka yote sita mama yake alimpigia simu akiwa na neno moja tu: "Rudi nyumbani, mwanangu, maji hayana mlango." Kijana hurudi Krismasi, hukaa wiki moja, kisha huondoka. Mama huyu hali samaki. Wazee wetu wengi wa mlimani walimwita samaki nyoka wa majini, naye aliyashika hayo, hata perege wa Nyumba ya Mungu wanaouzwa sokoni hawaingii jikoni kwake. Sisi tuliona heri akaone mwenyewe kwa macho yake.

Kabla ya kuondoka, mwalimu mmoja mstaafu katika kikundi chetu alitufunulia ramani mezani. Alituonyesha kwa kidole jinsi mto Sanya unavyoungana na maji ya Kikuletwa, yakaingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, kisha yakatoka yakiitwa mto Pangani, yakapita Korogwe na Hale kwenye mitambo ya umeme, hadi baharini. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 500. Maji tunayofulia nguo sisi ndiyo yanayomwagika pale kijana anapofunga boti yake. Mama yake aliitazama ile ramani kwa muda mrefu, asiseme kitu.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri kwa kosta ya kukodi, mwishoni mwa Februari. Tulikuwa kumi na mmoja, na mikungu miwili ya ndizi, gunia la viazi na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Boma Ng'ombe, Moshi, Mwanga, Same. Joto likaanza, sweta zikavuliwa. Baada ya Muheza tuliona minazi, na jioni tukafika Pangani, mji mdogo wa kale wenye nyumba za mawe zilizochakaa, ambako Wajerumani walimnyonga Abushiri mwaka 1889. Usiku ule hatukulala vizuri. Upepo ulivuma juu ya mabati mpaka asubuhi.

Saa kumi na mbili tulikuwa ufukweni, kanga kiunoni, tayari. Kijana alikuja, akatusalimia shikamoo mmoja mmoja, wote kumi na mmoja, akamkumbatia mama yake. Kisha akasema leo hatutoki.

Tulidhani anatania. Alituonyesha mlango wa mto. Pale kuna fungu la mchanga, na mawimbi yalikuwa yakipasuka juu yake, meupe. Alieleza kwamba kaskazi haikulala usiku. Kwa kawaida upepo huu, unaovuma tangu Desemba hivi hadi Machi, hutulia alfajiri na kuongezeka mchana. Ukiamka nao, ujue mchana utakuwa na hasira. Tena siku ile ilikuwa bamvua, mwezi mpevu, maji yanatoka mtoni kwa nguvu na kukutana na upepo usoni. Hapo ndipo boti hupinduka, alisema, siyo kule kwenye kina.

Ndugu msomaji, tukiri kosa letu. Tulimkasirikia. Tulikuwa tumeweka akiba miezi minane. Mmoja wetu alinong'ona kwamba pengine kijana anataka tulipie siku mbili. Mama yake akasema mbele za watu, kwa sauti ya kuumia, "Mwanangu, unaniaibisha." Alimjibu kwa upole, "Mama, heshima yote nakupa, lakini boti sitoi." Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona wavu chini ya mwembe aliongeza, bila hata kutuangalia, kwamba yeye asingetoka mpaka kesho kutwa.

Tulishinda ufukweni tumenuna. Yapata saa saba mchana tuliona ngalawa inarudi. Tanga lake lilikuwa limechanika na moja ya mbao zake za pembeni imevunjika, wanaume wawili ndani yake wakikumba maji kwa ndoo. Ilipofika kwenye lile fungu la mchanga ilipotea kabisa nyuma ya wimbi, ikaonekana, ikapotea tena. Watu wote wa ufukweni walisimama. Tulimshika mama mwenzetu mkono, nao ulikuwa wa baridi kama wa mtu aliyetoka mtoni. Waliingia salama. Mmoja alikuwa amechanwa kiganja na kamba hadi nyama, na sisi ambao kazi yetu ni uuguzi tulipata shughuli: tulimwosha kwa maji safi na sabuni, tukamfunga, tukamuuliza kuhusu sindano ya pepopunda. Hakuikumbuka, tukamwelekeza kituo cha afya siku ileile. (Akina mama tuna kadi zetu za pepopunda za kliniki, lakini waume na vijana wetu nani anawakumbusha?)

Siku ile hakuna aliyezungumza tena habari za malipo.

Kesho yake bahari ilikuwa kama bakuli la mafuta. Hata hivyo lilizuka jambo jingine. Boti ilikuwa na majaketi manane ya kuokolea maisha. Yeye na msaidizi wake wawili, basi nafasi sita. Tulimbembeleza achukue wote, kwani boti ilikuwa kubwa na sisi ni wembamba (hilo halikuwa kweli kwa wote). Alikataa. Tukaenda kwa zamu mbili, sita halafu watano. Nani katika nchi hii hajui habari za MV Bukoba, Mei 1996, au za Spice Islander, Septemba 2011? Watu walizidi uwezo wa chombo, na kila aliyepanda alidhani mtu mmoja zaidi si kitu.

Uvuvi wa kujifurahisha si jambo geni pwani yetu. Ernest Hemingway wa Marekani, ambaye hadithi yake ya theluji za Kilimanjaro ilichapishwa mwaka 1936, alikwenda kuvua Malindi mapema mwaka 1934 baada ya kuwinda Tanganyika. Hadi leo wageni huenda Malindi, Watamu na Shimoni kule Kenya, na kwetu Pemba na Mafia, hasa miezi ya kaskazi ambapo jodari na sulisuli hupita. Hukokota chambo nyuma ya boti inayotembea, na fimbo zao zina gurudumu la kukunjia mshipi. Kijana alitusimulia kwamba wapo wanaopigana na sulisuli saa nzima, wakishampata wanampiga picha na kumwachia aende, wengine wakimfunga kwanza kibandiko chenye namba ili akivuliwa tena ijulikane alikosafiri. Mmoja wetu aliuliza, "Na nyumbani wanakula nini?" Tulicheka mpaka boti ikayumba.

Sisi tulivua kwa mshipi wa mkono, kama wavuvi wa pale: ndoana, chubwi ya risasi, na kipande cha ngisi kwa chambo. Unaachia mshipi hadi uguse chini, unainua kidogo, unasubiri kidole kikuambie. Tulipita mbali na Maziwe, maana ni hifadhi tangu mwaka 1975 na kuvua pale ni marufuku. Wazee wanasema kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa walitaga humo kwa wingi. Bahari imekila, sasa ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa tu. Mayai ya kasa wanaoendelea kutaga pale huhamishiwa ufukwe wa Ushongo yasifunikwe na maji.

Wawili kati yetu walilewa bahari. Tiba ni kutazama mbali pale mbingu na maji zinapokutana, kutafuna tangawizi, na kutopanda boti kwa chai nzito na maandazi matano kama tulivyofanya. Mmoja alivuta samaki aliyejijaza upepo akawa kama mpira wenye miiba. Ni bunju. Kijana alikata mshipi upesi. Sumu ya bunju haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Midomo hufa ganzi, viungo hulegea, kisha pumzi hukata, na dawa ya kuiondoa haipo. Anayechomwa na mwiba wa taa naye asipakwe mafuta wala majivu. Atumbukize mguu katika maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa saa moja au zaidi, maumivu hupungua, kisha apelekwe kituo cha afya.

Mama mwenzetu alikaa mbele, ameshika ubao kwa mikono miwili. Kijana alimwachia msaidizi usukani, akaja akakaa karibu naye, akamzungushia kitambaa kwenye kidole ili mshipi usimkate, akamtilia chambo. Walikaa hivyo kitambo, magoti yakigusana. Mara mkono ukavutwa. "Taratibu, mama. Mpe, halafu mvute. Mpe tena." Akatoka changu wa kilo moja hivi, anameta. Mama alimtazama samaki, kisha akamtazama mwanawe, akauliza, "Na jana ungejuaje, kama usingesikia ule upepo usiku?" Akamweleza: mawingu, rangi ya maji, ndege wanaporudi. Alimweleza njia nzima ya kurudi, naye akiuliza kama mwanafunzi.

Jioni mkwe wake alimpika yule changu kwa tui la nazi. Mama alichovya ugali kwenye mchuzi kwanza. Baadaye tuliona sahani yake ina miiba.

Siku ya kuondoka tulifungiwa nazi na samaki wa kukausha, na kosta nzima ikanuka pwani mpaka Same. Kwenye kuagana tulisubiri lile neno lake la miaka sita. Hakulisema. Alimrekebisha kola ya shati akasema, "Usiku ukiwa na upepo vile, usitoke. Hata wageni wakinuna."

Siku hizi tukikutana kisimani Sanya Juu, mkono wa jirani ukiwa kwenye bomba na simu ya mama huyu ikilia, tunamsikia akiuliza: "Kaskazi imelala?"