Nilifuta Majalada, Kisha Nikasingizia Mtandao

Nilifuta majalada ya wananchi bila idhini ya mtu yeyote, na mmoja wao alipokuja kuulizia lake nikamdanganya. Ofisi sitaitaja, kwa sababu hakuna aliyenituma. Itoshe kusema ni ofisi ya umma hapa Kilindoni, kisiwani Mafia, nami ni mtunza kumbukumbu wake. Funguo za masjala nilikuwa nazo mimi, na nywila ya mfumo nilikuwa nayo mimi.

Nisiseme sikujua. Nimesomea kazi hii Chuo cha Utumishi wa Umma, Tabora. Najua kila kumbukumbu ya serikali ina muda wake wa kutunzwa, na muda huo hauamuliwi na mtu aliyeamka asubuhi akakuta kabati limejaa. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya mwaka 2002, inataka idhini ya Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kabla kumbukumbu yoyote ya umma haijateketezwa. Kwenye karatasi nilikuwa naifuata sheria hiyo bila kuruka hatua. Nilikuwa natoa majalada kabatini, napuliza vumbi, nafungua jalada mpaka folio ya mwisho, naandika orodha: namba, jina la jalada, mwaka lilipofunguliwa, mwaka lilipofungwa, muda uliopangwa. Orodha inakwenda, tunangoja. Jibu likirudi, watu wawili wanasimama kwenye shimo nyuma ya jengo mpaka moto uishe, kisha wanatia sahihi. Kazi ya kuchosha, lakini kila jalada lilipita mikononi mwa mtu kabla halijaingia motoni.

Mfumo ulikuja 2016. Haukuwa mfumo mkubwa wa serikali, ilikuwa programu ndogo tuliyotengenezewa, na seva yenyewe ni kompyuta ya mezani iliyowekwa chini ya meza yangu. Tulianza kuskani kwa sababu ya mchwa. Walishaingia kwenye rafu za chini, wakala majalada ya mashauri ya mashamba kuanzia mgongoni, na mengine ukiyashika yanamwagika. Tuliokoa kurasa zilizosomeka, tukaziingiza kwenye mfumo, na mabaki tukayaombea idhini ya kuteketezwa kama inavyotakiwa. Kwa majalada hayo, kilichokuwa ndani ya kompyuta ndicho kilichobaki duniani.

Mwaka 2021 diski ikajaa. Skana ikawa inagoma kuhifadhi, watu wamepanga foleni na barua zao, na kuagiza diski nyingine kulikuwa na mlolongo wake. Nikakumbuka ratiba yetu ya utunzaji: mashauri ya aina ile, miaka 10. Nikafungua orodha, nikachuja kwa tarehe, nikachagua yote yaliyofunguliwa kabla ya 2011. Yakatokea mengi, kurasa kwa kurasa, nami sikufungua hata moja. Mfumo ukauliza: “Una uhakika unataka kufuta?” Nikabonyeza ndiyo. Skana ikaanza kufanya kazi tena, na bosi wangu akanishukuru.

Hapo kuna makosa mawili, na kila moja nataka lionekane vizuri. La kwanza: niliona nasafisha mashine. Sikuandika orodha, sikuomba idhini, hakuna shahidi aliyetia sahihi, kwa sababu hapakuwa na shimo wala moshi. Kile nilichokiheshimu kwenye karatasi nilikidharau kwenye kioo, ingawa mwananchi anapoteza kitu kilekile.

La pili ndilo linaloniumiza zaidi. Ratiba ilisema miaka 10 baada ya jalada kufungwa. Mimi nilihesabu tangu lilipofunguliwa. Kwenye karatasi nisingeweza kukosea hivyo, maana jalada ambalo bado linaandikiwa unalijua ukilishika: limenenepa, folio za juu bado nyeupe, na mara nyingi halipo hata kabatini, lipo mezani kwa mtu. Mfumo wetu ulinionyesha safu moja tu ya tarehe, ya kufunguliwa. Haukuwa na mahali pa kuandika kwamba shauri limekwisha, na mimi niliyekaa na aliyeutengeneza sikumwambia apaweke. Nilimwambia mambo ya rangi na ukubwa wa maandishi.

Mwaka uliofuata akaja mzee mmoja kutoka upande wa Kirongwe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akakaa. Alikuwa na shauri la minazi. Kwa msomaji asiyeijua Mafia: huku ardhi inaweza kuwa ya ukoo, lakini mnazi una mwenyewe, aliyeupanda au aliyerithishwa na aliyeupanda. Marehemu ndugu yake na yeye walishagombea minazi iliyo mpakani, wakapatanishwa mbele ya wazee, yakaandikwa makubaliano, yakaletwa ofisini. Jalada lilifunguliwa 2008. Barua ya mwisho aliileta mwenyewe 2019, mgogoro ulipoanza upya kwa watoto wa ndugu yake. Sasa wamekwenda Mahakama ya Mwanzo, na hakimu ameomba karatasi.

Nikaandika jina lake kwenye mfumo. Hakuna kitu. Nikaandika namba ya jalada, aliyokuwa ameihifadhi kwenye kipande cha karatasi kilichokunjwa ndani ya kitambulisho chake. Hakuna. Nilijua palepale nini kimetokea. Nikamwambia, “Mzee, leo mtandao unasumbua, labda urudi wiki ijayo.” Akasema hewala, akanishukuru, akaenda kutafuta bodaboda. Programu yetu ile haikuhitaji mtandao hata kidogo. Akarudi, nikamwambia hivyohivyo tena.

Mnazi mrefu unaweza kuzaa miaka 60 na zaidi. Watu wa kisiwa hiki wanagombania, wanarithi na kupatana juu ya kitu ambacho kitaishi kuliko wao, na mimi nilikipimia miaka 10 kwa kuanzia upande usio wake. Nilipokuwa chuoni tulielezwa kuhusu majalada ya Wajerumani yaliyomo kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Ni makaratasi ya serikali iliyoinunua Mafia kutoka kwa Sultani wa Zanzibar mwaka 1890, ikaketi kwanza Chole, kisha ikahamia hapa Kilindoni 1913. Serikali ile ilishaondoka, karatasi zake zinasomeka. Makubaliano ya 2008 hayasomeki kokote.

Nilijaribu kuyarudisha kimyakimya. Tulikuwa na nakala rudufu kwenye diski ya nje, lakini kila ilipochukuliwa mpya ilifuta ya zamani, kwa hiyo nayo ilikuwa imefutika kwa uaminifu kabisa. Katika kutafuta huko nikakuta kwenye droo flashi yenye orodha ya wananchi ya zoezi lililokwisha zamani: majina, namba za simu, namba za vitambulisho, vijiji. Orodha hiyo ndiyo iliyopaswa kuwa imeteketezwa, na leo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika Mei 2023, haimruhusu mtu kukaa na taarifa za watu kuliko muda unaohitajika. Nilikuwa nimeangamiza cha kutunzwa na kutunza cha kuangamizwa, ndani ya ofisi moja.

Mzee aliporudi tena nilimwambia kweli. Hakupaza sauti. Aliuliza, “Sasa hakimu nitamwambia nini?” Nikamwandikia bosi barua yenye jina langu, nikaeleza nilivyofanya, na nikamwomba mzee ruhusa ya kwenda naye mahakamani kusema kwamba jalada lilikuwepo na kwamba niliyelifuta ni mimi. Nilisema. Kusema kwangu hakukuwa na uzito wa makubaliano yenye madole gumba ya wale wazee, ambao wengi wao wameshatangulia mbele ya haki.

Tangu hapo tumerekebisha. Kila jamii ya majalada imewekewa ndani ya mfumo tukio linaloanzisha hesabu: shauri kumalizika, mkataba kwisha, mtumishi kustaafu. Jalada lisilo na tukio hilo haliwezi kutokea kwenye orodha ya kufutwa. Kitufe cha kufuta kimeondolewa kwangu na kwa yeyote aliye peke yake. Orodha inachapishwa, inaombewa idhini, na anayefuta hafuti bila mwenzake kukagua. Nakala rudufu zinatunzwa kwa zamu, na zinahesabiwa kwenye orodha hiyohiyo, pamoja na flashi zote. Ukiwa mtunza kumbukumbu na mfumo wako hauna sehemu ya tarehe ya kufungwa, usiguse kitu leo. Sehemu hiyo iwekwe kwanza.

Majalada niliyoyafuta bado sijayajua yote. Ninajaribu kuyapata kupitia rejista ya barua zilizoingia, ambayo mchwa hawakuifikia, na nakala ambazo watu walibaki nazo majumbani. Kama uliwahi kuleta ofisini kwetu shauri la shamba au minazi kabla ya 2011 na una karatasi yoyote, hata fotokopi iliyofifia, njoo nayo. Tutaiskani ukiwa umekaa hapohapo, na karatasi yako utaondoka nayo.