Pua ya Difu

Kamina ni mji wa reli. Njia ya Lubumbashi, ya Ilebo na, tangu 1956, ya Kabalo zinakutana hapa. Lakini mahindi na mihogo ya vijiji vilivyo mbali na stesheni vilisubiri gari, na nilipoanza kujifunza ufundi, gari hilo lilikuwa Land Rover au Land Cruiser kuukuu, yenye springi za vyuma mbele na nyuma.

Siku hizo dawa ya barabara mbovu ilikuwa moja: kuinua gari. Mvua ikishachimba njia, mwenye gari alitaka vile vyuma viwili vinavyoning'iniza ncha ya nyuma ya springi vifanywe virefu zaidi. Gari lilipanda, matope yakapita chini. Baada ya muda tajiri alirudi: "Papa, motoka inalia chini." Tuliweka krosi mpya, yaani kiungo cha msalaba, kwenye kardani, shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, na kuishindilia grisi. Krosi ikafa tena.

Aliyebadilisha mambo kwetu ni mzee aliyewahi kufanya kazi za chuma za reli. Alishika pima maji na protrakta ya mwanafunzi, akapima uso wa flenji ya giaboksi, kisha wa flenji ya difu. Pembe hazikulingana. Vyuma virefu vilikuwa vimeipindua ponti, yaani ekseli, pua ya difu ikaangalia juu.

Hapo nilielewa kardani. Krosi moja ikifanya kazi kwenye pembe, shafti inayozungushwa haizunguki sawasawa: katika kila mzunguko huharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Pembe ikifika digrii 20, tofauti ni karibu asilimia 6 juu na chini. Krosi ya pili hufuta kosa la ya kwanza, mradi pembe zote mbili ziwe sawa na uma mbili za kardani zikae kwenye mstari mmoja. Ndiyo maana mzee hakuruhusu mtu kuchomoa kardani kabla ya kuitia alama kwa patasi: ukiirudisha jino moja kando, mtetemo unaingia.

Alichonga kabari za chuma, akaziweka kati ya springi na ponti, pua ikashuka. Kisha akapima kutoka jicho la mbele la springi hadi kwenye ponti, kushoto na kulia. Kumbe bolti ya katikati ya springi moja ilikuwa imekatika, na ponti imerudi nyuma upande huo. Gari kama hilo huenda kama kaa, na hakuna kabari inayoliponya.

Leo mizigo mingi ya vijijini inakwenda kwa pikipiki. Magari ya zamani yaliyobaki, vijana huyapima kwa simu, na simu inasoma pembe vizuri kuliko protrakta yetu. Ninalosisitiza kwao ni jeki. Wakiinua fremu, ponti hulegea na pembe hubadilika. Kwa hiyo tunaliweka gari juu ya magurudumu yake, tunapakia magunia ya mahindi kiasi linachobeba kila wiki, halafu ndipo kijana anaingia chini na simu yake.