Baba alipokataa unyapara

Sisi watoto wa Kilole, hapa Korogwe, tuliujua mkonge kwa harufu kabla ya kuujua kwa macho. Marehemu baba yetu, Allah amrehemu, alikuwa fundi wa mashine ya kuchambulia singa katika shamba moja nje ya mji. Wafanyakazi waliiita mashine hiyo korona, miaka mingi kabla jina hilo halijawa la ugonjwa.

Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha tani zaidi ya 230,000 za singa. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, lakini miaka ya sabini desturi za kazi pale kwa baba zilikuwa bado zile za zama za manamba: mkataji ana kazi yake ya siku, majani thelathini kwa kila mzigo, na nyapara amesimama anahesabu. Ofisi iliamini kuwa kinachomsukuma mtu ni fedha au cheo, basi.

Kwa kuwa baba alikuwa hodari, aliitwa apewe unyapara. Akakataa. Tulikasirika mno! Nyapara alikuwa na nyumba ya bati na baiskeli. Yetu ya makuti ilivuja. Mama peke yake hakusema neno, ingawa ndiye aliyekinga masufuria usiku.

Baadaye tulisimuliwa na mwenzake kwamba baba aliomba apewe vijana wawili awafundishe, kwani siku anayougua yeye, korona ikikwama, shamba zima hulala. Ofisi ikadhani anazunguka kuomba nyongeza. Ikampa nyongeza kidogo, vijana haikumpa. Baba akashukuru, kisha akawafundisha wawili aliowachagua mwenyewe, baina ya Alasiri na Magharibi, uani kwetu, kwa vyuma chakavu. Tunakiri kwamba uani ule tuliuonea haya mbele ya wageni.

Nailoni ilipozidi kuukaba mkonge, wanyapara walipunguzwa, wakaondoka mikono mitupu. Korona iliendelea kuzunguka kwa mikono ya wale wawili. Meneja mpya alipolitambua hilo, akaanza kumuuliza kila fundi anataka kujifunza nini kabla ya kumpangia zamu. Karakana ile ikawa na mafundi ambao mashamba jirani yaliwaazima.

Juma lililopita tulikutana tena nyumbani Kilole. Mtoto wa kaka yetu, mwalimu wa darasa la kwanza, ameteuliwa kuwa mwalimu mkuu, naye anasitasita. Tukaketi kupanga namna ya kumshawishi: posho ya madaraka, heshima ya ukoo, nyumba atakayojenga. Mama, ambaye sasa huona kwa shida, alisikiliza mpaka chai ikapoa.

"Wanangu, na yeye mmemuuliza anapenda nini?"

Tukatazamana. Kijana alikuwa uani, akimfungia mtoto wa jirani mnyororo wa baiskeli. Hatukuwa hata tumemwita ndani.