Mashine Zilizorudi 2009

Ushuhuda huu ni wa vijana wa Nakivale wanaotafuta riziki kwenye kompyuta.

Nilitoka Kivu Kaskazini, nikapokelewa Nakivale, makazi ya wakimbizi huko Isingiro, Uganda. Kazi niliipata Kakoba, Mbarara: kuandaa kompyuta kuukuu za kituo kimoja cha mafunzo. Nauli ya kwenda na kurudi kila siku sikuiweza, nikawa nalala sebuleni kwa ndugu wa kanisani.

Seva moja ndiyo iliyoandaa zote. Mashine ikiwashwa inaomba anwani, inavuta faili ndogo ya kuanzia, inawekewa Linux, kisha Puppet inamalizia watumiaji na programu. Hapo mwisho ndipo zilipoanza kugoma. Linux inaingia vizuri, Puppet inakataa: cheti cha usalama hakikubaliki. Tukafuta vyeti, tukatoa vipya, wapi! Maneno yakaanza: mkimbizi ameharibu mashine za watu. Usiku nilikuwa naomba, mchana nasoma kumbukumbu za seva mstari kwa mstari.

Kilichonifungua macho ni Jumatatu. Mashine iliyopita Ijumaa, Jumatatu inagoma. Nikamuuliza mzee wa ulinzi, akasema wikendi huzima swichi kubwa ili yuniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla, zisiishe. Nikaiuliza mashine tarehe. Ikajibu: 1 Januari 2009.

Kumbe! Nikaifungua. Ndani mna betri ya duara, CR2032, ndiyo inayoendesha saa umeme ukikatika. Mpya hutoa volti 3; hiyo haikufika hata 2. Kwa mashine iliyoamini ni 2009, cheti kilichotolewa miaka mingi baadaye kilikuwa hakijaanza kutumika, na Puppet ilikuwa na haki kukikataa. Hatua za mwanzo zilipita kwa kuwa kuomba anwani na kuvuta faili hakuhitaji saa.

Tulibadilisha betri. Nikaongeza hatua pia: kila mashine ichukue saa kwa programu ya chrony kutoka kwenye seva yetu kabla Puppet haijaanza, maana intaneti yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Jumatatu iliyofuata zilipita zote, na mkataba wangu ukaongezwa.

Ndugu, ukiletewa mashine kuukuu, iulize tarehe kabla hujafuta cheti chochote.