Divai Isiyo na Utamu



Wapendwa Taifa la Mungu, padre mwenzangu aliyekwenda kuhiji Fatima alirudi na chupa ya divai nyekundu kutoka bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno. Bonde hilo linajulikana zaidi kwa divai tamu na kali iitwayo Porto, na mipaka yake iliwekwa rasmi tangu mwaka 1756. Hii haikuwa tamu hata kidogo. Mzee mmoja wa parokia alionja, akakunja uso, akauliza kama imeharibika.

Haikuharibika. Wenyewe huiita divai kavu. Akina mama wanaopika pombe ya mtama wataelewa upesi: togwa ni tamu, lakini ukiiacha ichache, utamu hupotea na kileo huingia. Anayetengeneza Porto humimina pombe kali ya zabibu wakati maji ya zabibu yangali yakichacha. Hamira hufa, na sukari iliyosalia hubaki. Katika divai kavu, hamira huachwa ifanye kazi yake mpaka mwisho. Bonde ni lile lile; moja husimamishwa njiani, nyingine huachwa ikamilike.

Nasi tunayo mifano nyumbani. Mizabibu ya Dodoma ilianzia mikononi mwa wamisionari wa Kanisa pale Bihawana, miaka ya 1950, na leo huvunwa mara mbili kwa mwaka. Hutoka humo divai tamu, na kavu pia. Katika harusi zetu hapa Gulwe ile tamu ndiyo huisha kwanza. Lakini Kanisa, katika kanuni ya 924 ya sheria zake, halidai utamu. Hudai divai iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika.

Nayasema haya kwa sababu ya mama mmoja aliyeniruhusu nisimulie habari zake bila kumtaja jina. Mumewe alipatwa na kiharusi. Huu ni mwaka wa nne anamlisha, anamgeuza kitandani, kisha anakwenda kulima mtama kwa mvua isiyoaminika. Aliniambia: "Padre, nasali, lakini sisikii kitu. Utamu wa ndoa umekwisha, na wa sala umekwisha. Je, Mungu ameniacha?"

Sikumwambia kwamba mateso ni mema, kwa maana si mema. Nilimwambia kwamba ukavu si uharibifu. Barua za Mama Teresa wa Kalkuta, zilizochapishwa kitabuni mwaka 2007, zilionyesha kuwa kwa miaka mingi alihudumia maskini bila kuonja faraja moyoni. Upendo wake haukuwa umekufa. Naye Bwana wetu pale Golgota alipewa divai iliyotiwa manemane, akaikataa. Hakutaka kazi ya ukombozi ikatizwe wala ifunikwe. Mwanamke anayemwosha mumewe asiyeweza hata kumshukuru haishi katika mabaki ya ndoa. Ahadi aliyoitoa mbele ya altare ndiyo inayokamilika katika mikono yake.

Hata hivyo, ndugu zangu, divai njema ikiachwa wazi, bila mtu wa kuitunza, hugeuka siki. Hapo ndipo wajibu wetu ulipo. Nyumba kama ile haikosekani katika jumuiya ndogo ndogo zetu. Tusiende na maneno matamu tu. Mmoja achote maji, mwingine apalilie shamba, mwingine akae na mgonjwa asubuhi moja ili mama yule aweze kuja Misa ya Jumapili bila wasiwasi.

Nawe unayesali bila kusikia kitu, usiache. Mwachie Mungu afike mwisho wa kazi aliyoianza ndani yako.

Mungu awabariki nyote. Tukutane katika sala.